Msaragambo wa Mtu Mmoja

Mchungaji wetu, wazee wa usharika, viongozi wa kijiji na wa wilaya, wenzake marehemu wa relini, majirani wa Kwamhande, na ninyi ndugu zangu wa Nkondo mliosimama kule nyuma kama watu wanaosubiri treni, wakubwa wote shikamooni, na wengine nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Dorkas Senzighe, mdogo wake marehemu, tumetoka tumbo moja, na kwa desturi karatasi hii ingesomwa na mwanamume, lakini wanaume wa ukoo wetu walipoketi juzi kuiandaa walitaka isemwe kwamba marehemu alistaafu kazi mwaka 1974, nami nikawaambia kama ni hivyo basi nipeni mimi, kwa sababu kaka yangu hakustaafu, alifukuzwa, na mtu hazikwi na uongo juu ya jeneza lake. Wameniomba nisome kwa ustaarabu. Nitajitahidi.

Marehemu Nathanaeli Senzighe alizaliwa tarehe 14 Machi 1926 katika kitongoji cha Nkondo, huko juu mlimani, njia ya kwenda Chome, akiwa mtoto wa kwanza wa kiume wa mzee Eliamini Senzighe na mama yetu Lukia. Baba yetu alikuwa mwangalizi wa ndiva ya Nkondo, lile bwawa la udongo ambalo wazee walilijenga ili maji ya kijito yakusanyike usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na ndiye aliyeshika gunda, pembe ya tandala inayopulizwa kuwaita watu kwenye msaragambo, kazi ya wote, kuzoa tope la ndiva na kuzibua mfereji. Kwa vijana mliozaliwa baada ya gunda kunyamaza, niseme tu kwamba lilipolia hakuna aliyeuliza kuna nini, uliacha chungu mekoni, ukashika jembe ukaenda, na asiyefika bila kuwa na ugonjwa wala msiba alitozwa mbuzi, na mbuzi huyo aliliwa na waliofika, mwenyewe akiangalia.

Alibatizwa akiwa mchanga, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1936 hadi 1940, akaishia darasa la nne, ambako alijifunza kusoma, kuandika na kuimba besi, na besi hiyo mmeisikia wenyewe katika kwaya ya hapa kwa miaka mingi, hata mwaka ule ambao wengine hamkutaka kukaa naye benchi moja. Mwaka 1943 alishuka kwenda kukata mkonge, akamaliza msimu mmoja akarudi nyumbani akisema mkonge haukumpenda na yeye hakuupenda, na mwezi Juni 1946 akaandikwa kibarua katika genge la reli, ambako alikutana na Hamisi, mtu wa Kigoma, ambaye yuko hapa leo na mikono yake ina udongo, na sababu ya udongo huo nitaieleza. Mwaka 1951 baba yetu alifariki, gunda likaja mikononi mwa Nathanaeli, na mwaka huo huo akakabidhiwa kazi ya maji katika stesheni hii ya Kwamhande, tuliyokalia magofu yake sasa.

Mnaoliona jukwaa hili lililopasuliwa na majani, na lile tangi la chuma ambalo kunguru wamejenga ndani yake, hamwezi kujua palivyokuwa. Injini ya moshi ilikuwa inatoka Tanga, inapanda tambarare yote hii kwenye jua, inafika hapa imekauka koo, inasimama chini ya tangi ikihema, naye marehemu anavuta mnyororo, anashusha bomba, na injini inakunywa, na kwa muda wote inapokunywa Kwamhande inakuwa mji. Akina mama wa Nkondo walikuwa wamekwisha kupanga ndizi, magimbi, mahindi ya kuchemsha na asali ya Shengena, wakipitisha vikapu madirishani, abiria wakibishana bei huku wakijua hawana muda, na Bwana Sylvester, mkuu wa stesheni, mtu wa Songea, akitembea na saa yake mkononi kama baba mwenye nyumba, akigonga kipande cha reli kilichoning'inizwa pale kwenye nguzo, na moshi wa mafuta mazito ukitua juu ya kanga zilizoanikwa, na mama zetu wakiitukana injini kwa Chasu, lugha yetu. Dereva mmoja Kalasinga alimwita marehemu baba ya maji, na kila alipopita alimrushia kitunguu kimoja kikubwa, hatukujua kwa nini, nadhani ndiyo heshima ya kwao.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana shauri lote limelala hapa. Maji yale hayakuwa ya stesheni. Yalitoka ndiva ya Nkondo, yakishuka kwa mfereji na kisha kwa bomba, kwa makubaliano ambayo baba yetu na wazee wenzake waliyafanya na watu wa reli tangu tukiwa wadogo, kwamba siku za kazi maji ni ya mashamba, na Jumapili, ambapo Walutheri hawalimi, ndiva nzima ishushwe kujaza tangi. Mwinjilisti wetu wa zamani alikuwa akitania mimbarini kwamba katika usharika wote asiyeishika Sabato ni injini peke yake. Na msaragambo ulipoitwa, watu wa stesheni nao walipanda, Bwana Sylvester mwenyewe akikunja suruali ya serikali na kuingia kwenye tope, kwa sababu aliyekunywa maji alizoa tope, na hakukuwa na cheo katika jambo hilo.

Tarehe 5 Desemba 1953 marehemu alifunga ndoa takatifu na Yudith, binti wa Usangi, aliyekuja Kwamhande kwa treni kumtembelea shangazi yake, akashusha kapu lake, injini ikaachia mvuke, kapu likalowa, na marehemu akalibeba mpaka kwa shangazi huku akiomba radhi kwa niaba ya injini. Mungu aliwajalia watoto watatu, Asnath aliyezaliwa mwaka 1955, ambaye ni mwalimu, Elirehema wa mwaka 1957, na Eliaichi wa mwaka 1962, wote wako hapa, na wajukuu watano.

Uhuru ulipofika, Desemba 1961, treni ilipita hapa imefungwa matawi ya migomba na bendera, watu wamekaa mpaka juu ya mabehewa, na marehemu alikuwa amepanda ngazi tangu asubuhi akaandika UHURU kwa chokaa kwenye tangi, na mkitazama upande wa mlimani herufi tatu bado zinasomeka. Alikuwa na kadi ya TANU, alikuwa balozi wa nyumba kumi, na Azimio lilipotangazwa mwaka 1967 alifurahi kuliko mtu yeyote niliyemjua, akisema hili jambo sisi tunalo tangu enzi za mababu, limepewa jina tu. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu baadaye aliitwa mpinga Ujamaa, na aliyemwita hivyo sidhani kama aliwahi kuzoa hata karai moja la tope kwa ajili ya mwenzake.

Mwezi Agosti 1974, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, alikuja hapa stesheni bwana mmoja wa operesheni, simtaji jina, alikwisha kupanda cheo na kuhama. Alikuwa amepita hapa siku ya Jumatatu, akaona tangi linamwagika, akaamua kwamba Kwamhande ina maji mengi na panafaa kijiji, hakuuliza yanatoka wapi wala ni siku gani ya juma. Akamwambia marehemu kwamba mfereji utapanuliwa ili kijiji kipya kipate maji, na kwamba watu wa Nkondo wanatakiwa washuke kusaidia, na kwa kuwa wao wanasikia gunda kuliko wanavyosikia barua, yeye alipulize. Marehemu alimwamini. Jumanne, tarehe 20 Agosti, asubuhi, alipanda mpaka kwenye jabali la Nkondo akapuliza gunda la baba yetu, na watu wakafanya kama walivyofanya siku zote, waliacha vyungu mekoni, wakashika majembe wakashuka, wanaume, wanawake wenye watoto mgongoni, wazee wenye fimbo.

Nyuma ya tangi yalikuwa yamejificha malori. Watu walipokwisha kukusanyika waliambiwa hakuna mfereji wa kupanuliwa, hiki ndicho kijiji chenu, kila mtu achague kiwanja, na malori yakapanda na mgambo kwa njia ya Chome, yakarudi jioni yamebeba mabati, milango, vitanda na kuku waliofungwa miguu, na nyumba za Nkondo zikabaki kuta. Mama Jenoveva, ambaye namwona pale mbele, na ambaye kwa umri wake ningemwamkia mara mbili, alimwendea marehemu mbele ya watu wote akamwambia maneno haya, nami nilikuwepo, "Nathanaeli, gunda la baba yako umelitia uongo." Kaka yangu alikuwa ameshika lile gunda, akitazama malori kama mtu aliyepigwa.

Kuanzia siku ile ninyi wa Nkondo mlimwita aliyewauza. Miaka kumi sasa mnalisema neno hilo kisimani na sokoni Same, na mimi nimenyamaza kwa sababu yeye alinikataza, lakini leo hawezi kunikataza tena, kwa hiyo nawauliza jambo moja tu. Katika watu walioshuka na jembe siku ile, si alikuwemo mama yetu Lukia, kikongwe, aliyesikia gunda la mwanawe akakataa kubaki nyumbani? Si nyumba yake ilikuwa ya kwanza kung'olewa bati? Si alikufa hapa tambarare mwaka uliofuata, akiulizia baridi ya Nkondo kila asubuhi? Mtu gani huyo anayewauza majirani zake na mama yake mzazi akiwa katikati yao, halafu halipwi hata shati?

Yaliyofuata mnayajua, ingawa mnapenda kujifanya hamyajui. Waliokuwa wakizoa tope la ndiva walikuwa wamehamishwa, ndiva ikajaa matope, mfereji ukabomoka, na hakuna gunda ambalo lingewaita tena watu wakaitika. Mwezi Oktoba tangi lilikauka. Treni ya abiria kutoka Tanga ilifika hapa ikakuta bomba halina hata tone, ikajaribu kusogea hivyo hivyo kuelekea Same, injini ikazimwa moto njiani katikati ya nyika, abiria wakalala chini na watoto wao, na wakubwa wakakasirika kwa sababu sasa kiu ilikuwa imewafika watu wenye tiketi. Waliokuja kuchunguza waliuliza swali moja, nani amefunga maji. Marehemu aliwajibu kwamba hakuna aliyeyafunga, mmewahamisha watu walioyafungua, na jibu hilo likaitwa hujuma.

Alikaa mahabusu Same zaidi ya mwezi mzima. Watu wa Nkondo wanne waliitwa waeleze maji ya tangi yalikuwa yanatoka wapi, jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelieleza, na wote wanne wakasema hawajui. Sitawataja, wawili wamekwisha kutangulia, na wawili wameinamisha vichwa hivi sasa. Aliyesimama kusema kweli alikuwa Bwana Sylvester peke yake, mgeni, mtu wa Songea, na zawadi yake ilikuwa uhamisho kabla ya Krismasi. Tarehe 1 Desemba 1974 marehemu alifukuzwa kazi, akatolewa kwenye kota ya reli yeye na Yudith na watoto, na ndiyo maana nimekataa lile neno kustaafu. Wenzetu wa reli mmeleta shada, nimeliona, ni zuri, maua yake yamenyunyiziwa maji. Tunashukuru. Lakini marehemu alingoja miaka tisa aje mtu mmoja kutoka kwenu amwambie hukuhujumu, na mtu huyo hakuja, nalo shada haliwezi kusema.

Sasa nifike kwenye kazi yake ya mwisho, ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote na haikuwa na mshahara. Kuanzia mwaka 1975, kila Jumamosi, marehemu alichukua jembe na karai akapanda Nkondo peke yake kuzoa tope la ndiva, kazi ya nyumba hamsini akaifanya mtu mmoja, na Jumapili alikuwa kwaya, mgongo haunyooki, anaimba. Gunda alilitundika ukutani, hakulipuliza tena hata siku moja. Mlimcheka. Ninyi ndio mliobuni lile jina, msaragambo wa mtu mmoja, na watoto wenu wakawa wanamwimbia akipita, na yeye akaniambia niwaache, maana wana haki. Mimi sikuona haki hiyo iko wapi, wala leo siioni.

Mwezi Aprili 1981, baada ya miaka sita ya Jumamosi, maji yalishuka. Yalikuwa kidogo, upana wa kidole, lakini yalifika mpaka kwenye tangi, wakati ambapo treni zilikuwa za dizeli, zinapita hapa bila kusimama, hazina haja na maji ya mtu. Hakuna injini iliyokunywa maji yale. Mlikunywa ninyi. Mlipanga foleni na ndoo zenu pale chini ya bomba, mkachota, mkapikia, mkaogeshea watoto, na aliyeyaleta akiwa amekaa kwenye ngazi za stesheni, mkampita. Maji mlichota, salamu hamkumpa. Katika mambo yote aliyotendewa kaka yangu, na serikali na reli na maisha, hili ndilo ambalo mimi Dorkas nimeshindwa kulimeza.

Mwezi Septemba 1983 alianza kukohoa na kubanwa kifua, akakataa kupumzika, na tarehe 5 Novemba Hamisi alimkuta ameanguka kando ya ndiva, nusu ya mwili ndani ya tope, akambeba mgongoni mpaka barabarani. Alitibiwa hospitali ya Same, akahamishiwa Moshi, akarudishwa nyumbani mwezi Januari madaktari wakiwa wamefanya waliloweza. Maji nayo yalikatika mwezi huo huo wa Novemba, mmeona wenyewe, na hakuna aliyepanda kwenda kuangalia. Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake hapa Kwamhande siku ya Jumatano, tarehe 8 Februari 1984, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mkewe Yudith akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Same na wa Moshi, inamshukuru Mchungaji na kwaya, inawashukuru walimu wenzake Asnath waliotupa mahindi na kuni. Inawashukuru kwa namna ya pekee wenzake wa genge la reli, Hamisi na wenzake, Waha, Wamakonde na Wanyamwezi, watu waliokuja huku kwetu kutafuta kibarua, ambao jana walichimba kaburi hili kuanzia asubuhi mpaka jua kuchwa, kwa sababu majirani, ambao kwa desturi yetu ndio wachimbao kaburi, hawakutokea. Ule udongo mikononi mwa Hamisi ulipaswa kuwa mikononi mwenu.

Limebaki jambo moja. Siku tatu kabla ya kufa kaka yangu aliniita, akaniomba gunda liwekwe ndani ya jeneza, akasema, "Dorkas, nilale nalo, watu wasije wakadanganywa nalo tena." Ukoo umekubali, jeneza limefungwa, na mnadhani limo humo. Halimo. Nimekaidi neno la marehemu, kaka yangu wa pekee, na nikikutana naye nitajibu mwenyewe, kwa sababu gunda halikusema uongo, aliyesema uongo ni mtu aliyelikopa, na tukilizika leo basi bwana yule wa operesheni atakuwa ametuhamisha mara ya pili.

Elirehema, mwanangu, simama hapo ulipo. Nikimaliza karatasi hii na Mchungaji akishasema udongo kwa udongo, Elirehema atapuliza gunda la babu yake, kwa kazi moja tu, ya kufukia kaburi hili lililo mbele yenu, majembe yameegemezwa pale ukutani, na yanawatosha wote. Mama Jenoveva, wewe uliyesema ulichosema, nakuomba kwa heshima uwe wa kwanza kuliangalia lile tangi, uwaambie wenzako kama kuna kitu nyuma yake, kwa sababu mimi nimezunguka asubuhi, na hakuna lori.

Kaka Nathanaeli, umezoa peke yako muda mrefu, weka jembe chini sasa, ulale kwa amani, na Jumamosi ijayo, akipanda mtu, tutakujia na tope miguuni kukwambia ni nani.